Milioni 335 za Sudan: nani alikaa mezani, nani alibaki barabarani

Chukua watu watatu waliokuwa jirani asubuhi ya Ijumaa, 7 Agosti 1998, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie jijini Nairobi. Wa kwanza ni Mmarekani, ofisa wa ubalozi. Wa pili ni Mkenya, karani wa ubalozi huohuo. Wa tatu ni Mkenya pia, ila yeye alikuwa anapita tu kuwahi matatu, au pengine alikuwa ndani ya jengo la Ufundi lililokuwa ubavuni mwa ubalozi. Wote wamekufa kwa bomu moja. Miaka 22 baadaye serikali mbili, ya Marekani na ya Sudan, zikakubaliana kulimaliza shauri hilo, na viwango vilivyoripotiwa vilikuwa hivi: familia ya Mmarekani dola milioni 10, familia ya karani dola 800,000, familia ya mpita njia sifuri.

Wengi wetu tukisikia habari ya namna hii husema Wamarekani wanajipendelea, tunasonya, tunafunga gazeti. Ni kweli wanajipendelea, na hiyo ndiyo kazi wanayoilipa serikali yao kuifanya. Linaloniumiza kichwa ni jingine. Yule mpita njia naye alikuwa na serikali. Ilikuwa wapi?

Tukumbushane kidogo. Bomu la Nairobi liliua watu 213. La Dar es Salaam, lililolipuka dakika chache mbali na hilo, liliua 11. Dar es Salaam tuliokolewa na boza: gari la maji la ubalozi lilikuwa getini, likazuia gari la walipuaji lisipenye ndani. Kati ya hao 224, Wamarekani walikuwa 12, na wote walifia Nairobi. Tume ya uchunguzi ya Marekani iliyoongozwa na Admirali William Crowe, iliyotoa ripoti yake Januari 1999, ilihesabu pia wafanyakazi wenyeji 32 wa ubalozi wa Nairobi. Ukiwatoa hao 44 kwenye wafu 213 wa Nairobi, wanabaki 169 ambao kosa lao lilikuwa kuwa na shughuli mjini siku hiyo.

Sudan iliingiaje? Osama bin Laden, ambaye kundi lake la al-Qaeda ndilo lililotega mabomu hayo, aliishi Khartoum kuanzia 1991 hadi 1996, na Marekani ilikuwa imeiweka Sudan kwenye orodha yake ya nchi zinazofadhili ugaidi tangu 1993. Kesi ya kwanza ya wahanga ilifunguliwa Washington mwaka 2001. Kwa kawaida mahakama ya nchi moja haisikilizi kesi dhidi ya nchi nyingine, lakini Bunge la Marekani limeweka tundu kwenye ukuta huo kwa nchi zilizo kwenye orodha ile. Mwaka 2008 tundu likapanuliwa: hata asiye Mmarekani akaruhusiwa kudai, mradi alikuwa mwajiriwa au mkandarasi wa serikali ya Marekani na aliumia akiwa kazini. Yule karani alipata haki yake hapo. Haikutoka Nairobi wala haikutokana na kitambulisho chake cha Kenya. Ilitokana na mwajiri wake.

Mwaka 2014 hukumu zikatoka: jumla ya takriban dola bilioni 10.2, ndani yake bilioni 4.3 za fidia ya adhabu, ile inayotozwa ili mkosaji ajute. Mahakama ya rufaa ikaifuta sehemu hiyo ya adhabu, na tarehe 18 Mei 2020 Mahakama ya Juu ikasema kwa kauli moja kwamba sheria inairuhusu. Kwenye karatasi, wahanga wale walikuwa matajiri.

Lakini hukumu ya bilioni kumi dhidi ya nchi inayopanga foleni ya mkate ni karatasi tu. Omar al-Bashir alikuwa ameangushwa Aprili 2019. Waziri Mkuu mpya, Abdalla Hamdok, mchumi aliyetumikia Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi, alirithi hazina tupu, mfumuko wa bei na deni ambalo halikuweza hata kujadiliwa kwa sababu ya ile orodha. Alihitaji jina la Sudan litoke humo kuliko alivyohitaji kitu kingine chochote. Washington ilijua hivyo, na mawakili wa wahanga walijua pia.

Tarehe 19 Oktoba 2020 Donald Trump akatangaza kwenye Twitter kwamba Sudan imekubali kulipa dola milioni 335 na kwamba fedha zikishawekwa ataiondoa kwenye orodha. Siku nne baadaye likafuata tangazo jingine, la Sudan kupatana na Israel, jambo lisilo na uhusiano wowote na mtu aliyefia Moi Avenue. Mkataba wa madai ukasainiwa 30 Oktoba. Sudan ikatoka kwenye orodha 14 Desemba. Kabla mwaka haujaisha Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuirudishia kinga yake ya kutoshtakiwa, likibakiza mlango mmoja kwa kesi za Septemba 11. Machi 31, 2021 Antony Blinken, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo, akathibitisha kwamba fedha zimepokelewa. Na hizo milioni 335 hazikuwa za mabomu ya balozi peke yake: ndani yake walikuwemo wahanga wa meli ya kivita ya USS Cole iliyoshambuliwa Aden mwaka 2000, na ofisa wa USAID aliyeuawa Khartoum usiku wa mwaka mpya 2008.

Piga hesabu: kwa kila dola moja ya hukumu, senti tatu na ushee. Kwa mizani ya mahakama ni kichekesho. Ila mkataba wa namna hii haupimwi kwa mizani hiyo. Thamani ya dai katika mazungumzo ya nchi na nchi ni kile anachokitaka mlipaji kwa upande wa pili, ukitoa usumbufu anaoweza kuuvumilia bila kulipa. Sudan haikuwa inanunua msamaha wa marehemu. Ilinunua njia ya kwenda Benki ya Dunia, na kwa bei hiyo haikuibiwa: Machi 2021 Marekani iliikopesha dola bilioni 1.15 za muda mfupi ili ifute malimbikizo yake kwenye benki hiyo, na mwishoni mwa Juni ikakubaliwa rasmi kuanza safari ya kusamehewa madeni. Oktoba 25 wanajeshi wakapindua meza nzima. Hilo halikumfanya aliyekwisha kulipwa arudishe.

Wastaafu wa Tanzania wanalijua neno mkupuo kuliko mwanasheria yeyote wa kimataifa. Wamelumbana na kikokotoo cha pensheni kwa miaka, wakiuliza wachukue kiasi gani kwa mkupuo na kiasi gani kibaki. Mikataba ya fidia kati ya nchi nayo huitwa hivyohivyo na hufanya kazi karibu hivyohivyo, tofauti moja tu: hapa anayechukua mkupuo si wewe. Serikali yako inakusanya madai ya raia wake wote kapu moja, inakubali fungu moja la fedha, inaandika kwamba madai hayo yamekwisha leo na milele, halafu inarudi nyumbani kugawa kwa namna inavyoona yenyewe. Marekani ina tume ya kudumu ya kazi hiyo tangu 1954. Uingereza iliunda ya kwake 1950, baada ya nchi za Ulaya Mashariki kutaifisha mali za wageni na kisha kukubali kulipa kwa mafungu. Mlipaji akishatoa fungu lake hajali nani kapewa nini.

Kwa hiyo ile ngazi ya milioni 10, laki nane na sifuri haikuchongwa Khartoum. Ilichongwa Washington, na kuna ushahidi mzuri wa jinsi ilivyochongwa. Baadhi ya wafanyakazi wa Kenya na Tanzania waliojeruhiwa mwaka 1998 walihamia Marekani baadaye wakapewa uraia. Walipolalamika kwamba wanalipwa kama wageni ilhali ni raia, Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 150 nyingine, kutoka kodi za Wamarekani, ili wasogezwe karibu na wenzao. Mguu uliovunjika ni uleule na bomu ni lilelile. Kilichobadilika ni rangi ya pasi, na bei ikapanda.

Msomaji anaweza kudhani haya ni ya Sudan peke yake kwa kuwa ilikuwa dhaifu. Basi tumtazame Gaddafi, ambaye hakuwa dhaifu wala maskini. Mwaka 2003 Libya ilikubali kulipa dola bilioni 2.7 kwa ajili ya watu 270 waliokufa ndege ya Pan Am ilipolipuliwa juu ya Lockerbie mwaka 1988, yaani milioni 10 kwa kila roho. Angalia jinsi zilivyofungwa: milioni 4 vikwazo vya Umoja wa Mataifa vikiondoka, milioni 4 vikwazo vya Marekani vikiondoka, milioni 2 Libya ikitolewa kwenye orodha ya ugaidi. Sijawahi kuona mkataba unaosema waziwazi namna ile kile kinachouzwa. Sehemu ya mwisho ilicheleweshwa hadi mkataba mwingine wa Agosti 2008, ambapo Libya ilitoa bilioni 1.5 na kesi zote za Marekani dhidi yake zikafungwa.

Sasa ndege ya pili. Septemba 1989 ndege ya UTA ya Ufaransa, iliyotoka Brazzaville ikapitia N'Djamena kwenda Paris, ililipuka juu ya jangwa la Niger. Walikufa watu 170, wakiwemo Waafrika wengi kutoka Kongo-Brazzaville na Chad. Januari 2004 Libya ikakubaliana na familia hizo: milioni 170, sawa na milioni moja kwa kila mtu. Mlipaji ni yuleyule na kosa ni lilelile, tena miezi michache tu baada ya mapatano ya Lockerbie, lakini bei ni moja ya kumi. Ufaransa ilikuwa na turufu ya kura ya Umoja wa Mataifa na iliitumia kuchelewesha kuondolewa vikwazo hadi ipate ahadi. Ndiyo maana hata hiyo milioni moja ilipatikana. Chad na Kongo-Brazzaville hazikuwa na kura ya turufu. Wafu wao walipanda kwenye gari la Wafaransa na kushuka na walichopewa.

Chanzo cha yote haya ni kanuni ya zamani ambayo raia wengi hawajui kwamba inawahusu. Mwaka 1924, katika kesi ya Ugiriki dhidi ya Uingereza, mahakama ya kimataifa ya enzi hizo ilisema nchi inapobeba dai la raia wake inadai haki yake yenyewe. Dai linakuwa mali ya nchi. Mwaka 1970 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikakazia: nchi ndiyo pekee inayoamua kama itabeba dai, kwa kiasi gani, na lini italiacha. Raia akikataliwa hana pa kulalamika kimataifa. Ukiipindua sarafu hiyo, raia ambaye nchi yake haikubeba dai lake hana dai lolote kwenye meza hiyo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Ndiyo maana nasita kuilaumu sana Marekani. Ilibeba raia wake, ikawabeba na waajiriwa wake kwa mgongo mmoja wenye mgawanyo wa aibu, na haikuwa na wajibu wa kisheria wa kumbeba muuza magazeti wa Nairobi. Wajibu huo, kama ulikuwepo, ulikuwa wa Kenya. Kwa wafu wa Dar es Salaam ulikuwa wa kwetu.

Kwa nini Nairobi na Dar es Salaam hazikudai? Hapa natoa maoni yangu. Kenya ilikuwa mpatanishi wa Sudan. Mazungumzo ya Kaskazini na Kusini yalifanyika Naivasha na mkataba ukasainiwa Nairobi Januari 2005. Mpatanishi hamdai anayempatanisha. Tanzania kwa upande wake haina utamaduni wa kudai fidia nchi za Afrika, na pengine tunaona ni uungwana. Kisha kulikuwa na misaada: USAID ilitoa fedha nyingi za matibabu, karo za watoto na ukarabati, na serikali zetu zikaridhika kuuita msaada jambo ambalo lingeweza kuitwa deni. Maelfu ya Wakenya waliojaribu njia yao wenyewe, wakaishtaki serikali ya Marekani kwa uzembe wa ulinzi, walitupwa nje ya mahakama za Washington mapema miaka ya 2000. Seneti ya Kenya nayo imewahi kuunda kamati maalumu kuhusu fidia ya wahanga wa 1998, baada ya fungu la Sudan kugawanywa.

Sidai kwamba Kenya ingeshinda. Kuthibitisha kwamba serikali ya Khartoum inawajibika kwa bomu lililotegwa Nairobi si kazi nyepesi, na Sudan haikuacha kukana. Lakini tazama turufu iliyolala mezani. Sudan ilikuwa imetamka tangu 1958, na Kenya tangu 1965, kwamba zinakubali mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kila moja kwa masharti yake. Hukumu za Washington zilikuwa zimekusanya ushahidi kwa miaka. Na mwaka 2020 Sudan ilikuwa inatafuta marafiki na inataka kufuta kila deni la enzi ya Bashir. Barua moja ya kidiplomasia, iliyoandikwa vizuri, iliyosema "nasi tuna wafu wetu", isingegharimu hata tiketi ya ndege. Pengine ingeleta kidogo sana. Hata kidogo kingeandikwa, na mpita njia angeingia kwenye hesabu.

Kuna atakayeniambia kwamba serikali kudai si dawa, kwa sababu serikali ikilipwa raia hapati. Hoja hiyo ina nguvu, na Kisangani ndiyo shahidi. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia ya uvamizi na uporaji nchini Kongo, ikaziambia nchi mbili zikae zenyewe zikubaliane fidia. Zilikaa kwa miaka kumi bila kuelewana, Kongo ikarudi mahakamani ikidai zaidi ya dola bilioni 11, na Februari 2022 ikapewa milioni 325: 225 za watu, 40 za mali, 60 za maliasili. Uganda ikaanza kulipa mwaka huohuo, milioni 65 kwa mwaka. Fedha za wahanga zina mfuko wake, FRIVAO, wenye makao Kisangani, mji ulioonja mabomu ya Waganda na Wanyarwanda kwa siku sita Juni 2000. Waliokatika viungo siku hizo wamekuwa wakiandamana kuulizia malipo, na Septemba 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria alihukumiwa kuhusiana na takriban dola milioni 19 zilizotolewa kwenye fedha hizo kwa ajili ya kujenga gereza. Gereza! Kwa hiyo sikubishii. Nasema tu kwamba mwizi wa fidia anaweza kushtakiwa nyumbani, ilhali dai ambalo halikuwahi kuwasilishwa halina hata pa kuibiwa.

Afrika Kusini imetupa mfano mdogo wa kujifunzia. Mwaka 2004, katika kesi ya mamluki wao waliokamatwa Zimbabwe, Mahakama ya Katiba ilisema raia ana haki ya kuiomba serikali imtetee mbele ya nchi nyingine, na serikali inawajibika kulifikiria ombi hilo kwa akili timamu na kutoa jibu linaloeleweka. Haikulazimishwa kukubali. Ililazimishwa kujibu. Wataalamu wa sheria wa Umoja wa Mataifa nao mwaka 2006 walipendekeza kwamba nchi isikilize maoni ya aliyeumia kabla ya kudai, na ikilipwa imfikishie fedha zake. Ni mapendekezo tu, hayambani mtu. Hakuna kinachozuia Dodoma au Nairobi kuyaingiza kwenye sheria zake.

Na si suala la 1998 peke yake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi kwa waliyoyafanya Wajerumani wakati wa Majimaji, akataka nchi mbili zizungumze. Namibia imetangulia kwenye njia hiyo: tamko la pamoja la 2021 lilitaja euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, za miradi ya maendeleo, neno fidia likakwepwa kwa uangalifu mkubwa, na viongozi wengi wa Waherero na Wanama wakalikataa kwa sababu lilijadiliwa na serikali bila wao. Wizara yetu ya Mambo ya Nje ikiingia kwenye chumba hicho, ningependa nijue mapema nani kutoka Songea na Kilwa atakuwa amekaa ndani, na kifungu cha kufunga madai kitasomekaje. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani 1906, haujataja mkupuo. Bado unalisubiri fuvu lake.